Watafiti Wakija Shuleni: Mzazi Ana Haki ya Kujua Nini?

Karatasi inafika nyumbani kupitia kwa mtoto: wazazi wa darasa la kwanza wanaombwa kufika shuleni Alhamisi saa nne asubuhi, kuna watafiti wanakuja. Wazazi wengine watafika. Wengine watakuwa baharini, shambani au kazini hotelini Diani. Wengine watatia sahihi karatasi yoyote itakayoletwa, kwa sababu mwalimu mkuu amesema ni jambo zuri na mwalimu mkuu ni mtu wa kuheshimiwa.

Kwale si mgeni wa utafiti. Kutoka Tiwi hadi Vanga wakazi wetu wamepimwa malaria, minyoo na kichocho, mapipa yao ya maji yamechunguliwa viluwiluwi vya mbu, mikoko yao imepimwa unene kwa futi, na watoto wao wamefundishwa kusoma huku mtu ameketi nyuma ya darasa akiandika. Mengi ya hayo yamekuwa na faida, kwetu na kwa wengine. Makala haya yanaeleza utafiti wa shuleni hufanywaje, kwa nini baadhi ya shule hupewa kitu na nyingine hazipewi, na mzazi pamoja na kijiji wana nafasi gani katika kazi hiyo. Tumetumia mifano ya hapa hapa kwetu, kwa kuwa ipo.

Mradi wa HALI

Mfano ulio karibu zaidi na darasa ni mradi wa HALI, uliofanywa kati ya 2010 na 2012 katika shule 101 za msingi za umma katika wilaya za Kwale na Msambweni, kama zilivyojulikana kabla ya ugatuzi. Zaidi ya watoto 5,000 wa darasa la kwanza na la tano walishiriki. Watafiti walikuwa Wakenya pamoja na wenzao kutoka Uingereza na Marekani, wengine wa afya na wengine wa elimu, na walikuwa na maswali mawili.

Swali la kwanza lilihusu malaria. Mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria mwilini bila homa wala dalili nyingine, akaja shule kila siku huku damu yake ikipungua. Je, watoto wakipimwa shuleni kila muhula, na wenye vimelea wakatibiwa hata kama hawaumwi, afya yao na masomo yao yatakuwa bora? Swali la pili lilihusu kusoma. Je, mwalimu wa darasa la kwanza akipewa mafunzo, mipango ya masomo iliyokwisha kutayarishwa na ujumbe mfupi wa simu kila wiki wa kumwelekeza na kumtia moyo, watoto wake watajua kusoma na kuandika vizuri zaidi?

Shule ziligawanywa katika makundi manne. Kundi moja lilipata upimaji na matibabu ya malaria, kundi la pili likapata mafunzo ya walimu, la tatu likapata yote mawili, na la nne likaendelea na masomo kama kawaida.

Hapo ndipo mzazi huuliza, na ni swali la haki: kwa nini shule ya jirani ipewe na yetu isipewe?

Jibu ni kwamba wakati huo hakuna aliyejua kama kinachotolewa kina faida. Watafiti wangechagua wenyewe shule za kupewa, yawezekana wangechagua zilizo karibu na lami, zenye walimu wakuu wachangamfu na wazazi wanaofika mikutanoni. Mwishoni watoto wa shule hizo wangefanya vizuri, na hakuna ambaye angeweza kusema kama ni kwa ajili ya mradi au kwa ajili ya lami. Kura huondoa upendeleo huo. Inaipa shule ya ndani ndani nafasi ile ile inayopewa shule ya barabarani. Katika HALI kura ilipigwa hadharani mbele ya wadau wa elimu na afya, si ofisini kwa kompyuta ya mtu mmoja. Tunaona huo ni utaratibu wa kuigwa, kwa sababu mtu aliyeshuhudia kura kwa macho yake halalamiki sana kama aliyeletewa orodha.

Matokeo yalishangaza wengi. Katika kila awamu ya upimaji, karibu watoto 88 kati ya 100 walifikiwa, na kwa wastani 17 au 18 kati ya kila 100 waliopimwa walipatikana na vimelea. Walitibiwa. Lakini baada ya miezi 24, watoto wa shule zilizopimwa hawakuwa na upungufu mdogo wa damu wala malaria kidogo kuliko wenzao ambao hawakupimwa shuleni. Alama zao darasani pia hazikupanda, na kwa darasa la kwanza baadhi ya majaribio yalionyesha alama za chini kidogo. Maelezo mojawapo yaliyotolewa ni rahisi kueleweka na mtu yeyote anayeishi Pwani: mtoto aliyetibiwa shuleni hurudi kulala katika kijiji kile kile chenye mbu wale wale, na kabla ya muhula mwingine ameshaambukizwa tena.

Upande wa kusoma mambo yalikuwa tofauti. Watoto ambao walimu wao walisaidiwa walisoma na kuandika maneno vizuri zaidi. Na kuna jambo lililozidi hapo. Katika shule zisizo na mafunzo hayo, watoto 5.3 kati ya 100 waliacha shule. Katika shule zilizopata mafunzo, walioacha walikuwa 2.1 kati ya 100. Mtoto anayeona kwamba anaelewa hana sababu nyingi za kubaki nyumbani.

Fikiria sasa kama shule zote 101 zingepewa dawa na mafunzo kwa pamoja bila kulinganisha. Tungeona watoto wanasoma vizuri zaidi, na sote tungeapa kwamba dawa ndiyo imefanya kazi, na pesa za umma zingeingia huko. Shule zilizodhaniwa "zimekosa" ndizo zilizotoa nusu ya jibu. Wazazi wa shule hizo hawakuambulia patupu, na wanastahili kuambiwa hivyo waziwazi, na shukrani juu yake.

Tahadhari moja kuhusu matokeo hayo: yalitoka Kwale na Msambweni. Kinango, iliyokuwa wilaya peke yake, haikuwamo. Mvua, mbu, umbali wa kwenda shule na lugha ya nyumbani ni tofauti kati ya Msambweni na Ndavaya. Anayetaka kupeleka jibu la pwani ya bahari hadi kwenye nyika ya Kinango anafaa kwanza kuuliza watu wa Kinango.

Sahihi peke yake haitoshi

Watafiti waliohusika na HALI waliandika pia kuhusu namna walivyoomba ridhaa ya wazazi, na hawakuficha ugumu. Ingawa mapema walikutana na wakuu wa elimu, maafisa wa wilaya na viongozi wa mitaa, na ingawa wote hao walikubali, kazi ya kuomba ridhaa ya wazazi na watoto ilikuwa na matatizo ya kivitendo na ya kimaadili. Njia waliyoichukua ilikuwa kuboresha maelezo na kuendelea kuzungumza na kila mhusika kwa muda wote wa utafiti, badala ya kumaliza maneno siku ya kwanza.

Kwa nini ni vigumu? Fikiria damu. Ili kupima malaria mtoto huchomwa kidole na kutolewa tone moja. Kwa mhudumu wa maabara hilo ni jambo dogo. Lakini hapa Pwani hadithi za mumiani ni za miaka mingi, za watu wanaochukua damu ya wenzao wakafanyie dawa, na mzee aliyezisikia utotoni hataziacha kwa sababu kijana mwenye koti jeupe ametabasamu. Kumcheka mzee huyo si jibu. Jibu ni kumwonyesha kipimo chenyewe, kumwambia ni kiasi gani kinachukuliwa, kinapelekwa wapi, kinatupwaje, na kumkaribisha aje asimame karibu akitaka. Hofu yake ina swali la maana ndani yake: kilicho changu kinachukuliwa, nani anafaidika?

Ugumu mwingine ni heshima. Mwalimu mkuu akisema jambo, mzazi hutii. Hilo ni jema katika nidhamu ya shule, lakini katika utafiti lina hatari, kwa sababu mzazi anaweza kukubali ili asimuudhi mwalimu. Ridhaa ya kweli ni ile ambayo mtu angeweza kuikataa bila kuogopa. Kwa hiyo, mtafiti anapoeleza, ni vizuri mwalimu aseme mbele ya wote kwamba anayekataa hatakosewa. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa hapaswi kutolewa darasani, kunyimwa uji wala kuitwa majina. Aliyekubali leo anaweza pia kujiondoa kesho. Mtoto mwenyewe, akiwa na umri wa kuelewa, huulizwa kama anakubali, na akisema hapana, sahihi ya baba haimlazimishi.

Kisha kuna lugha. Fomu huandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Lakini nyanya anayemlea mjukuu huko Mwereni au Mkongani pengine huelewa vizuri zaidi akielezwa kwa Kidigo au Kiduruma, na kuna Wakamba na wengine kati yetu pia. Wazazi wana haki ya kuomba maelezo kwa lugha wanayoielewa. Mtafiti aliyejiandaa atakuwa na mtu wa kufanya hivyo.

Wasio na sare

Utafiti wa shuleni una kasoro yake ya asili: huishia kwenye ua wa shule. Mtoto aliyeacha, mama aliye nyumbani, kijana wa boda na mvuvi hawahesabiwi.

Hilo lilionekana wazi katika mradi wa TUMIKIA, uliofanywa katika kaunti yetu kuanzia 2015. Jina lake kwa ukamilifu ni Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Kwa miaka kadhaa dawa za minyoo zilikuwa zikitolewa kwa watoto mashuleni. TUMIKIA iliuliza: je, dawa ikipelekwa nyumba kwa nyumba, kwa watu wazima pia, kutakuwa na tofauti? Maeneo 120 yaligawanywa kwa makundi matatu. Walipotibiwa watoto wa shule peke yao mara moja kwa mwaka, watu wenye safura walipungua kutoka 18.6 hadi 13.8 kati ya 100 baada ya miaka miwili. Jamii nzima ilipotibiwa mara moja kwa mwaka, walipungua kutoka 17.9 hadi 8.0. Ilipotibiwa mara mbili kwa mwaka, kutoka 20.6 hadi 6.2.

Kilichowavutia watafiti zaidi ni usawa wake. Dawa na faida yake ziliwafikia maskini na wenye uwezo kwa kiwango kinachokaribiana, jambo ambalo si la kawaida katika huduma nyingi. Waliopita nyumba kwa nyumba walikuwa watu wa vijiji hivyo hivyo, wanaojua mlango upi hufunguliwa asubuhi na upi jioni.

Na wakati mwingine wanaojua ni watoto. Mwaka 2016 watafiti walizuru nyumba 444 katika kaunti yetu wakitafuta mahali mbu wa Aedes, anayeambukiza denge na chikungunya, anapozalia. Mbali na kuhesabu viluwiluwi, waliwahoji kina mama 35 na watoto 37. Zaidi ya nusu ya viluwiluwi na mabuu, asilimia 55.2, walipatikana katika vyombo visivyo na kazi yoyote, vilivyoachwa nje vikajaa maji ya mvua. Mahojiano nayo yalieleza kwa nini vyombo hivyo havikusumbua mtu: familia zilijilinda na mbu wa usiku kwa chandarua, na ni wachache waliofahamu kwamba kuna mbu wa mchana anayezaliwa kwenye kopo lililo nyuma ya jiko. Mwalimu wa sayansi asiye na maabara ana somo zima hapo, na vifaa vyake vimetapakaa uani.

Walivyofanya Gazi

Mpaka hapa tumezungumza juu ya jamii inayoulizwa na kuelezwa. Ushirika ni zaidi ya hapo, na mfano bora tulio nao uko Gazi, Msambweni.

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina kituo Gazi, na kwa miaka mingi wanasayansi wake na wenzao wa nje wamepima mikoko ya ghuba ile: inakua kwa kasi gani, inahifadhi kaboni kiasi gani kwenye miti na kwenye tope. Ujuzi huo ungeweza kubaki katika majarida ya kisayansi na kuwapandisha vyeo waliouandika. Badala yake, mwaka 2013 ulizaa Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa. Pesa huingia katika mfuko wa jamii, na wakazi huamua zitumike vipi. Zimeleta maji, zimenunua vitabu vya shule na kutengeneza majengo yake. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyo kwa mradi wao.

Tazama tofauti. Gazi, wenyeji wana chombo chao kilichosajiliwa, chenye kamati na akaunti. Wanasayansi hutoa vipimo na ushauri, wenyeji hutoa ulinzi na uamuzi, na kila upande ungeshindwa bila mwingine. Mtoto wa Gazi akifundishwa kuhusu kaboni, kitabu anachosomea huenda kimelipiwa na miti anayoiona dirishani. Kina mama wa Gazi nao wana daraja lao la mbao ndani ya mikoko, ambalo wageni na wanafunzi hulipa kulipita wakijifunza.

Utafiti wa darasani hauwezi kuuza kaboni, na si haki kuahidi wazazi mapato ambayo hayapo. Lakini bodi ya shule inaweza kukaa na watafiti kabla ya kazi kuanza na kuandikiana: vitabu au vifaa vitakavyotumika vitabaki shuleni? Kama mafunzo yakionekana kuwa na faida, walimu wa shule zilizolinganishwa watapewa lini? Matokeo yataletwa na nani? Tumeona ni maswali yanayoulizwa kwa nadra, na yakiulizwa baada ya kazi kwisha jibu huwa ni barua pepe isiyojibiwa.

Sheria inasema nini

Nchini Kenya, kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, mtafiti anahitaji leseni kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Kabla ya hapo utafiti unaohusu watu huwa umepitiwa na kamati ya maadili. Leseni humtaka mtafiti kuwajulisha wakuu wa kaunti kabla ya kuanza, na kuwasilisha ripoti kwa tume baada ya kumaliza. Leseni ina alama ya mraba inayoweza kuskaniwa kwa simu ili kuthibitisha kuwa si ya kughushi. Mwalimu mkuu au mwenyekiti wa bodi asione aibu kuiomba na kuiskani mbele ya mgeni. Mtafiti wa kweli hatachukia.

Ni vizuri pia kujua ni ofisi gani inahusika. Kwa Katiba, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji ni jukumu la serikali ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo utafiti wa chekechea Kikoneni uulizwe katika idara ya elimu ya kaunti, na ule wa shule ya msingi katika ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa wizara. Chifu na mhudumu wa afya ya jamii wanaweza kukuelekeza.

Kuhusu habari za mtoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuzikusanya na kuzitumia, na kila kinachofanywa kiwe kwa maslahi ya mtoto. Jina lake, alama zake, majibu ya damu na picha yake ni data. Picha ya mtoto wako akiwa na sare haipaswi kuonekana kwenye bango au mtandao wa mtu kwa sababu tu ulikubali apimwe kusoma. Hiyo ni idhini nyingine, na unaweza kukubali moja ukakataa nyingine. Malalamiko hupelekwa katika ofisi ya Kamishna wa Data.

Siku ya mkutano, kaa na fomu yako usiirudishe yote. Nakala moja ni yako. Mara nyingi sehemu ya mwisho huwa na nambari mbili za simu, moja ya mtafiti na nyingine ya kamati ya maadili iliyoidhinisha kazi hiyo. Ya pili ndiyo ya kupiga ukiwa na lalamiko dhidi ya mtafiti mwenyewe. Ukikuta fomu haina nambari hiyo, uliza kabla ya kutia sahihi.